Papasi wa Nyumba Mpya

Homa ilimrudia Marsiana kwa mara ya tatu akiwa anamenya muhogo. Kisu kilimponyoka mkononi, naye akabaki anakitazama pale chini kana kwamba ni cha mtu mwingine. Kisha mabega yakaanza kumtetemeka. Jua lilikuwa kali, kuku wote wamejibanza kivulini, lakini yeye aliomba blanketi.

"Mama," alimwita mama mkwe wake, "imerudi."

Rozalia aliweka ungo chini, akaja akamgusa shingoni kwa kiganja. Hakuuliza kilichorudi ni nini. Tabia ya homa ile walikwisha kuijua wote pale nyumbani. Humshika siku tatu au nne, ikamkausha midomo na kumgonga kichwa asiweze kufumbua macho, kisha siku moja ikamwachia ghafla kwa jasho linalolowesha mkeka. Hapo huamka, akala, akaenda hata kisimani, majirani wakamshukuru Mungu. Ikifika siku ya saba au ya nane, inaanza upya.

"Twende ndani, mwana wanje," alisema Rozalia. Kiswahili chake kilikuwa na Kiha ndani, na akiwa na huruma Kiha kilizidi. "Ni ugeni tu. Nchi haijakuzoea. Itakuzoea."

"Miezi miwili yote, mama?"

"Wengine huchukua mwaka."

Marsiana alikuwa na mimba ya miezi sita. Alizaliwa Ujiji, karibu kabisa na maji, katika ukoo uliovuka ziwa kutoka Kongo enzi za babu yake. Yeye na mumewe Anatoli walikuwa wamepanga chumba Mwanga, kule mjini, mpaka kazi yake bandarini ilipokwisha, ndipo wakaja kuishi na Rozalia katika kijiji kipya, mbele kidogo ya Kidahwe kwenye barabara ya Kasulu. Kijiji kilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache. Operesheni ya vijiji ilikuwa imewashusha watu kutoka milimani kwa malori na kuwapanga kandokando ya barabara, nyumba baada ya nyumba, zimenyooka kama mistari ya daftari. Nyumba ya Rozalia ilikuwa ya tano mstari wa pili: vyumba viwili, nguzo mpya, udongo mpya, nyasi mpya.

Anatoli alirudi mchana na jembe begani. Alimkuta mkewe amejikunja chini ya mablanketi mawili na mama yake akimpepea.

"Kesho nampeleka mjini hospitali," alisema.

"Kwa homa ya ugeni?" Rozalia alishangaa. "Wewe mwenyewe ulipofika uliumwa siku mbili, ukapona. Na yeye atapona."

"Amekwisha kumeza vidonge vya malaria mara mbili. Na mama, jana mtoto hakucheza. Toka asubuhi mpaka jioni hakucheza."

Rozalia aliacha kupepea. Aliinuka, akaanza kufunga furushi la safari.

Ilibaki ruhusa ya Mwenyekiti. Kesho yake ilikuwa zamu ya shamba la kijiji, na Oswald, mwenyekiti, hakuwa mtu wa kulegeza kamba. Alikuwa ameketi mlangoni pa ofisi na daftari lake magotini, wanaume wanne wamemzunguka.

"Ndugu Anatoli, umekuja juzi, na humu ndani tayari una ruhusa mbili," alisema akipigapiga daftari. "Mkeo anaumwa nini?"

"Homa, Ndugu Mwenyekiti."

"Homa nani hana? Siku ya jembe kila nyumba ina mgonjwa."

"Njoo umwone basi."

Alisema kwa uchungu tu, hakudhani Oswald angeinuka. Lakini aliinuka, akaja na wale wanaume wanne nyuma yake, akasogeza pazia la chumba kwa mkono wake mwenyewe. Marsiana alipoona watu alijikakamua akaketi, akavuta kanga kufunika tumbo.

"Shikamoo, Mwenyekiti." Meno yalikuwa yakigongana.

Oswald aliachia pazia kama aliyeungua vidole. "Marahaba, mama. Lala, lala." Huko nje akamwambia Anatoli bila kumtazama, "Nenda. Siku utakazokosa utazifidia."

*

Walipata lori lililobeba muhogo mkavu. Dereva alimkalisha Marsiana mbele, Anatoli akapanda juu ya magunia. Saa nne walikuwa kwenye mabenchi ya hospitali, katikati ya watu wengi.

Bahati yao ilikuwa kwamba homa ilikuwa bado juu. Mpima damu, mtu mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi, alimchoma Marsiana kidole, akapaka tone kwenye kioo, akainamia hadubini yake. Aliinama muda mrefu. Kisha akamwita daktari, naye akainama. Daktari alitoka mpaka pale kwenye mabenchi, na hakujua, au hakujali, kwamba sauti yake ilifika kila mahali.

"Hii si malaria. Ni homa ya papasi. Nyumba yenu ina papasi?"

Watu waligeuka. Anatoli alihisi masikio yakipata moto. "Hapana, daktari. Nyumba yetu ni mpya. Papasi ni wa nyumba za zamani, za kule milimani."

"Damu ya mkeo imejaa vijidudu vyake. Njoo utazame."

Anatoli alitazama. Aliona chembe nyingi za duara, na katikati yake vitu vyembamba kama nyuzi zilizosokotwa, vinajinyonganyonga. Aliporudi kwenye benchi, mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu naye alikuwa amekwisha kusogeza furushi lake mbali na furushi la Anatoli. Hakumtukana. Alisogeza tu, akakung'uta na kanga yake.

Daktari aliwaeleza chumbani, safari hii kwa sauti ya chini. Papasi hushinda kwenye nyufa za sakafu na miguuni mwa kuta. Watu wakilala hutoka, hunyonya taratibu bila maumivu, hurudi mafichoni kabla hapajakucha. Aliyekua nao tangu utotoni mara nyingi hahisi lolote. Mgeni ndiye anayeangushwa.

"Na mtoto?" aliuliza Marsiana. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu wafike.

"Homa hii hutoa mimba," alisema daktari. "Yako bado imeshika. Tuwahi."

Muuguzi aliyeitwa Regina ndiye aliyemdunga penisilini. Kabla ya kudunga alimvuta Anatoli kando. "Sikiliza, kaka. Baada ya sindano hii atakuwa vibaya zaidi kwa saa chache. Dawa inapigana na wale wadudu. Usipige kelele, usimbebe kumtoa. Umenielewa?"

Alielewa, lakini kuelewa si kuona. Saa moja haikwisha, Marsiana alianza kutetemeka mpaka kitanda cha chuma kikawa kinagonga ukuta. Macho yalimgeuka, akaanza kumwita marehemu baba yake, akamwambia afunge mtumbwi, upepo unakuja. Wagonjwa wengine walijiinua kutazama. Anatoli alimshika mabega, machozi yakimtoka, mara mbili akafungua kinywa apige kelele, mara mbili akamwona Regina amesimama mlangoni, akafunga. Yule muuguzi alikuja akaweka chombo chake juu ya tumbo la Marsiana, akasikiliza, akainua kichwa.

"Moyo wa mtoto unapiga," alisema.

Alasiri jasho lilimwagika. Mwili ukapoa. Marsiana alilala kidogo, akaamka, akamwona mumewe amekaa sakafuni ameegemea mguu wa kitanda.

"Anatoli."

"Nipo."

"Nasikia njaa. Nataka samaki, mgebuka. Wa kuchoma, na ugali wa muhogo."

Anatoli alicheka kama mwehu, akasimama, akakimbilia sokoni.

*

Sindano zilikuwa za siku kadhaa, na daktari akaagiza Marsiana asitoke kwanza. "Ukimrudisha kwenye nyumba ile ile, tutakuwa tumetwanga maji kinuni," alimwambia Anatoli. Aliandika barua kwa Bwana Afya wa kata. Kesho yake Anatoli alimwacha mkewe, akaipeleka mwenyewe.

Bwana Afya aliitwa Dismasi. Alifika kijijini siku ya pili kwa baiskeli, amefunga nyuma debe la dawa ya unga na kijembe kifupi. Alikuwa kijana bado, mpole, wa nyumbani Buhigwe, na alimwamkia Rozalia kwa Kiha kabla ya lolote. Kisha akaomba vitu vyote vitolewe nje.

Vyote vilitolewa. Watu walikuwa wakitoka shambani, kwa hiyo wote waliona: godoro la nyasi lililopasuka, sufuria zisizo na vishikio, nguo za ndani za Marsiana, kitanda cha miti kilicholegea, na kopo ambalo bibi huyo hulitumia kwa haja ndogo akishindwa kutoka. Mtu mmoja alicheka. Rozalia alikwenda akalifunika kopo kwa ungo.

Dismasi alikwangua udongo pembeni mwa ukuta, chumba cha kwanza na cha pili, akaumwaga juu ya shuka jeupe juani. Kwa muda haukuonekana ila udongo. Kisha udongo ukaanza kutembea. Walikuwa bapa, rangi ya kijivu, ngozi yao imekunjamana; wakubwa walifika kifungo cha koti, wadogo kama punje za mtama. Watoto walirudi nyuma. Dismasi aliinama, akawahesabu kwa ncha ya kijembe.

"Ni wengi mno kwa nyumba ya mwaka mmoja," alisema. "Hawa hawaruki, na hawaendi mbali kwa miguu yao. Waliletwa. Wametoka kwenye mzigo."

"Mzigo wa nani?" aliuliza Oswald, aliyekwisha kufungua daftari.

Jirani yao Melania, mwanamke mwenye sauti iliyokwenda mbali kuliko alivyokusudia, alisema, "Mwaka mzima nyumba hii haikuwa na homa. Homa imekuja na yule wa Ujiji na masanduku yake."

"Kweli," mtu aliunga mkono.

"Huko Ujiji watu wanabanana, nyumba za tangu enzi za Mwarabu."

"Kabla hajaja, nani aliumwa hapa?"

Anatoli alimtazama mama yake. Alitarajia aseme neno, maana Rozalia alikuwa akimpenda yule mkwe, na alijua kukaripia watu. Rozalia alikuwa ameinamia shuka lile jeupe.

"Mama Anatoli, wewe unasemaje?" aliuliza Oswald.

"Sijui," alisema Rozalia.

Basi Oswald akaandika. Alisoma kwa sauti huku akiandika, ili wote wasikie: papasi waliletwa katika mizigo ya mke wa Ndugu Anatoli, akirudi, mizigo yake ikaguliwe barabarani kabla hajaingia kijijini. Anatoli alisimama pale mikono imelegea. Alijua kwamba alipaswa kusema kitu. Yale masanduku alikuwa ameyafunga yeye mwenyewe, yalikuwa mapya, ya mbao, yametoka kwa fundi wa Mwanga. Lakini watu walikuwa wengi, naye alikuwa mtu wa ruhusa tatu, na ule wakati ukampita.

*

Asubuhi iliyofuata Rozalia hakuwapo. Alikuwa ametoka alfajiri, akatembea hadi njia panda ya Kidahwe, akasimama barabarani mpaka basi la Kasulu likamchukua. Tangu azaliwe alikuwa amefika mjini mara nne.

Alimkuta Marsiana ameketi kitandani anasuka nywele za mgonjwa wa jirani. Uso ulikuwa umerudi, macho yamepata weupe wake. Rozalia alikataa kiti. Alikaa sakafuni, kanga ameishika kwa mikono miwili.

"Nina neno," alisema. "Nikishalisema, ukitaka kuniita mama, sawa. Usipotaka, sawa pia."

"Sema, mama."

"Wale papasi ni wangu. Niliwaleta mimi."

Marsiana aliachia nywele alizokuwa akisuka. Yule mgonjwa, mwanamke mwenye busara, akajifanya anakwenda kunywa maji.

Rozalia alieleza bila kupamba. Alikuwa na kaka, Feliksi. Kaka huyo alikwenda manamba Tanga, akakata mkonge miaka sita, akarudi na viatu na koti. Alilala nyumbani kwa baba yao siku tatu. Siku chache baadaye homa ikamshika, haikupita wiki mbili wakamzika, na koti lile wakamvika. Ndugu zake wote waliolala naye chumba kimoja hawakuumwa hata kichwa. Mama yao akasema papasi hawakumtambua mtoto wao. Alikaa mbali nao mno. Tangu hapo katika ukoo wao, anayehama alihama na papasi wake kidogo, ili damu isisahau.

"Malori yalipokuja," alisema Rozalia, "sikuchukua hata mlango wangu. Nilichukua kibuyu. Nikachota udongo wa pembeni mwa ukuta pamoja na wao, nikaziba kwa jani la mgomba. Nyumba mpya ilipokwisha nikamwaga kidogo kwangu, kidogo chumba cha Anatoli. Nilisema akirudi mwanangu, awakute. Yasimpate ya mjomba wake."

"Na mimi?"

"Wewe sikukuwaza." Rozalia alimtazama usoni sasa. "Hapo ndipo nilipokosea. Na ulipoanza kuumwa nilijua. Nikajidanganya kwamba utazoea. Jana Bwana Afya alipowatoa, wakasema wamekuja na masanduku yako. Mwenyekiti akaniuliza mbele ya watu. Nikasema sijui."

Marsiana aligeuka, akautazama ukuta. Regina alikuja kupima joto, akamkuta bibi sakafuni, akamwamkia. Rozalia alimwitikia, kisha akamshika pindo la gauni lake jeupe.

"Mwanangu, nasikia homa hii hutoa mimba."

"Ndiyo, bibi."

"Kwa mgeni. Mwenyeji je?"

"Hata mwenyeji. Mwanamke akiwa mjamzito nguvu za mwili hupungua. Huko vijijini wengi hupoteza watoto bila kujua sababu."

Rozalia aliachia lile pindo. Regina alikuwa amekwisha kuondoka Rozalia alipoinua vidole vitatu, akavitazama kama anavyohesabu mtoto mdogo.

"Watatu," alisema. "Kabla ya Anatoli. Walisema nimerogwa na mke mwenzangu. Nikakosana naye mpaka akafa."

Hasira ya Marsiana haikuwa imekwisha, na haikwisha siku ile. Lakini alishuka kitandani, akakaa sakafuni pembeni ya mama mkwe wake, mabega yao yakagusana.

"Mimi umeniambia peke yangu," alisema baadaye. "Lakini walioniita mchafu ni kijiji kizima."

"Najua."

"Basi, mama."

"Nimesikia."

Marsiana alivuta bakuli la uji lililokuwa chini ya kitanda. "Umekula chochote tangu alfajiri?"

"Bado."

"Kunywa."

*

Mkutano ulifanyika Alhamisi kwenye banda la shule. Dismasi alikuja na papasi wachache ndani ya chupa, ikapita mkono kwa mkono. Oswald alifungua kwa hotuba kuhusu usafi, akafika mahali aliposema kwamba kijiji kilikuwa kimepata maradhi kutoka nje kwa njia ya mizigo isiyokaguliwa, ndipo Rozalia akasimama. Hakusubiri apewe ruhusa.

"Mwenyekiti, futa," alisema.

"Nifute nini, mama?"

"Ulichoandika. Mke wa mwanangu hakuleta kitu. Papasi niliwaleta mimi, kwa kibuyu, kwa mkono wangu. Uliponiuliza nikasema sijui, na nilikuwa najua."

Vichwa vyote vilimgeukia. Anatoli, aliyeketi nyuma, alisimama bila kujua kwa nini amesimama. Rozalia aliendelea, akaeleza habari za Feliksi, kwa kifupi, sauti imekauka lakini haikukatika. Alipomaliza hakuketi.

Oswald alikuwa amekasirika, na zaidi ya hasira alikuwa ameaibika kwa ajili ya daftari lake. "Mama, unajua ulichofanya? Taifa lina maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Serikali inapigana na maradhi, wewe unambeba adui kwenye kibuyu na kumjengea nyumba!"

Vijana wakaanza kucheka. Rozalia aliinamisha kichwa.

"Oswald, kaa chini."

Sauti ilitoka upande wa akina mama. Alikuwa bibi mfupi, mzee kuliko Rozalia, na kila mtu alimjua. Alikuwa mama yake Mwenyekiti.

"Mama, huu ni mkutano."

"Naona ni mkutano. Wewe unafikiri papasi wa kwetu mimi niliwamwaga wapi? Uko juu yao kila usiku, na kitambi chako hicho."

Kicheko kilichofuata kilitikisa nyasi za banda. Hata Dismasi alijifunika uso kwa kofia. Na kicheko kilipopungua, bibi mwingine akainua mkono, na mwingine, mmoja akasema yeye alitumia kopo la maziwa kwa sababu kibuyu kilimpasukia njiani. Walifika tisa. Mwanamume mmoja mtu mzima, mnene, yule aliyecheka nyumba ya Rozalia ilipotolewa vitu nje, akasema polepole kwamba marehemu mama yake huenda naye, hana hakika, ila alikumbuka kuna kibuyu.

Dismasi alivaa kofia yake. "Wazee wangu," alisema, "hata mama yangu kule Buhigwe alifanya hivyo. Na ninyi hamkuwa wajinga. Mliyoyaona ni kweli: anayeng'atwa tangu utoto huzoea, na mgeni huugua. Lakini gharama yake mmekuwa mkiilipa kwa mimba na watoto wachanga, na jeneza la mtoto mchanga halina kelele. Papasi wakiisha kabisa, hakuna haja ya kuwazoea."

Akina mama hawakucheka tena. Wachache walikuwa wakitazama mikono yao.

Dawa ya Dismasi ilitosha nyumba chache tu. Oswald alisimama, akafuta jasho, na tuseme ukweli juu yake: alijua kupanga kazi. Nyumba zenye wajawazito na watoto wachanga zingeanza. Zilizobaki zingekwanguliwa sakafu, udongo ukatupwe mbali na kuchomwa, nyufa zimwagiwe maji yanayochemka, kisha sakafu ishindiliwe upya na kuta zikandikwe hadi chini. Vitanda viinuliwe, visiguse ukuta. Kwa siku sita msaragambo, ile kazi ya pamoja, hautakuwa wa shamba, utakuwa wa nyumba. Alifungua daftari, akakata mstari aliouandika, akaukata mara ya pili kwa kukandamiza kalamu.

Watu walipotawanyika, Melania alimfuata Anatoli. "Shemeji, ulimi wangu..."

"Mwambie yeye," alisema Anatoli. "Nami nina la kumwambia. Nilisimama pale nikanyamaza."

*

Marsiana alirudi kwa basi siku nane baada ya kulazwa. Melania alikuwa barabarani tangu asubuhi. Hakuna aliyejua aliyosema, maana kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisema kwa kunong'ona, ila walionekana wanawake wawili wamesimama kando ya barabara, mmoja ana tumbo, mwingine anafuta macho, kisha Melania akajitwika furushi la Marsiana na kutangulia.

Anatoli alimwomba mkewe radhi chumbani, juu ya sakafu iliyokuwa bado inanuka udongo mbichi. Marsiana alimsikiliza mpaka mwisho.

"Siku nyingine utasema?"

"Nitasema."

"Haya. Nisaidie kuvua viatu, miguu imevimba."

Halafu ikaja kazi ya kungoja. Siku ya saba tangu arudi, Rozalia alimgusa shingo mara sita. Siku ya nane alimzuia asiende kisimani. Siku ya tisa Marsiana aliamka na kichwa kizito, nyumba nzima ikashika pumzi, kumbe alikuwa ameketi juani mno. Ya kumi ikapita, na ya kumi na mbili. Siku ya kumi na tano Marsiana alimwambia mama mkwe wake, bila ukali, "Mama, sasa shingo yangu inauma kwa kuguswa," na Rozalia akaficha mikono mgongoni kama mtoto aliyekamatwa.

Mtoto alizaliwa Januari, mvua zikinyesha, katika zahanati. Alikuwa wa kike, si mkubwa, lakini alilia kwa nguvu hata mkunga akasema huyu atakuwa diwani. Walimwita Leonia. Rozalia hakumbeba siku ya kwanza. Alisema mikono yake ina udongo. Siku ya pili Marsiana alimweka tu mapajani pake na kugeuka, na mtoto akabaki hapo.

Wiki ya pili baada ya hapo Melania alikuja mchana na bakuli la maharage. Alimkuta Rozalia kibarazani na mjukuu begani, mlango umerudishwa.

"Marsiana yuko wapi?"

"Ndani. Amelala."

Melania alisimama, bakuli mkononi. Katika kijiji kile mwanamke kulala mchana lilikuwa neno lenye maana moja tu. "Anaumwa?"

"Hapana."

"Ana nini basi?"

"Hana kitu. Mtoto hakumpa nafasi usiku." Rozalia alimhamishia mjukuu bega la pili, akashusha sauti. "Nimeingia mara mbili kumtazama. Hajatoka jasho, haguni, amefungua mdomo anakoroma kama mlevi. Ni usingizi, Melania. Usingizi tu. Kaa, lakini usiseme kwa nguvu."